Joseph Lister, Mganga Aliyezuia Vidonda Visioze

Watu wakaao pwani ya Ziwa Nyasa na katika milima ya Mbinga wamesikia habari za Dokta David Livingstone, yule msafiri aliyepanda kwa njia ya Mto Ruvuma mwaka 1866 akalifikia ziwa mwezi wa Agosti. Lakini si wote wajuao ya kuwa msafiri huyo alizipita nchi hizo akiwa na mkono mbovu. Mwaka 1844, katika nchi za kusini mwa Afrika, simba alimrukia, akamwuma karibu na bega la kushoto, akauvunja mfupa wa mkono. Meno yalipenya nyama hata mfupani. Livingstone alipona, walakini mfupa haukuunga vizuri. Mahali ulipovunjika palibaki pakicheza kama kiungo. Alikufa mwaka 1873, na Chuma na Susi na wenzao wakaichukua maiti yake mpaka pwani. Ilipofika London mwaka 1874, waganga waliitambua kwa mfupa ule.

Kuna kuvunjika kwa namna mbili. Namna ya kwanza, mfupa huvunjika ndani, ngozi ikabaki nzima. Mtoto aangukaye kutoka mwembeni akavunjika hivi, akifungwa mabanzi na kutulizwa, mfupa wake huunga wenyewe. Namna ya pili, mfupa hutoboa ngozi, au kitu kilichouvunja hupasua nyama, hata mfupa ukaonekana. Mfupa ni ule ule, na nguvu ya mwili ya kuuunga ni ile ile. Lakini zamani wengi waliovunjika kwa namna hii ya pili ama walikatwa mguu au mkono, ama walikufa. Ilikuwaje basi tundu dogo la ngozi likageuza jambo la majuma machache kuwa jambo la mauti? Mtu aliyelijibu swali hili, akaponya watu kwa jibu lake, ni Joseph Lister.

Lister alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1827, katika kijiji cha Upton, karibu na London, mji mkuu wa Uingereza. Wazazi wake walikuwa wa Jamii ya Marafiki, Wakristo wapendao maisha ya kiasi, mavazi yasiyo na urembo, na maneno machache. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya divai, lakini saa za nafasi alizitumia kwa kazi nyingine aliyoipenda zaidi. Alitengeneza vioo vya hadubini, yaani chombo cha kuonyesha vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika siku zile hadubini zilionyesha vitu kwa ukungu na kwa rangi za uongo. Baba yake Lister alipata njia ya kupanga vioo hata vitu vikaonekana safi, na wataalamu wa Uingereza wakamheshimu kwa kazi hiyo. Hivyo mtoto Joseph alikua katika nyumba ambamo watu walijua ya kuwa viko vitu vingi ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona.

Alisoma katika Chuo cha University College, London, akapata shahada ya uganga mwaka 1852. Mwaka 1853 alikwenda Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, ili ajifunze kwa mpasuaji hodari aliyeitwa James Syme. Alikusudia kukaa muda mfupi tu, lakini Syme alimpenda kwa bidii yake, naye akakaa. Mwaka 1856 alimwoa Agnes, binti wa Syme. Hawakujaliwa watoto, lakini Agnes alikuwa msaidizi wake katika kazi yote. Habari za majaribio ya mumewe aliziandika kwa mkono wake mwenyewe katika madaftari.

Mwaka 1860 Lister alichaguliwa kuwa mwalimu wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Glasgow, mji ule ule ambamo Livingstone alipata cheti chake cha uganga mwaka 1840. Mwaka 1861 alipewa wagonjwa wake katika hospitali kubwa ya mji, iitwayo Royal Infirmary. Ndipo alipoingia katika vita vyake.

Hospitali za siku zile zilikuwa mahali pa kuogofya. Tangu mwaka 1846 waganga walikuwa wamepata dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi asisikie maumivu, kwa hiyo waliweza kupasua watu wengi kuliko zamani. Lakini waliopasuliwa walikufa baadaye. Siku chache baada ya kukatwa, kidonda kilivimba, kikatoa usaha na harufu mbaya, homa ikapanda, na sumu ikaingia katika damu. Wapasuaji walivaa koti moja kila siku, hata likakauka kwa damu, wala hawakuona kuwa ni uchafu. Chombo kilichotumiwa kwa mgonjwa huyu kilipanguswa tu, kikatumiwa kwa mwingine. Hata ardhi ya hospitali ya Glasgow ilikuwa na habari zake: chini kidogo ya vyumba vya Lister yaligunduliwa majeneza ya watu waliokufa kwa kipindupindu mwaka 1849.

Waganga wengi waliamini ya kuwa ni hewa yenyewe iozeshayo vidonda, na kwa kuwa hewa iko kila mahali, walikata tamaa. Lister hakuridhika. Alikumbuka jambo moja aliloliona kwa wagonjwa wake. Mtu akivunjika ubavu, na ncha ya ubavu ikatoboa pafu, hewa huingia kifuani ikachanganyika na damu. Lakini ngozi ikiwa nzima, damu ile haiozi. Ikiwa hewa ndiyo iozeshayo, mbona hapa haiozeshi? Labda, aliwaza, ni kitu fulani kichukuliwacho na hewa, nacho huzuiliwa hewa inapopita katika pua na mapafu.

Mwaka 1865 mwalimu mwenzake, Thomas Anderson, aliyefundisha elimu ya kemia, alimwambia asome kazi za Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa. Pasteur alikuwa ameonyesha ya kuwa kuchacha na kuoza ni kazi ya vijidudu vilivyo hai, vidogo mno. Mama wa Kingoni au wa Kimatengo ajua ya kuwa togwa ikiachwa hugeuka kuwa kali. Na mvuvi wa Nyasa ajua ya kuwa usipa wasipoanikwa juani huoza upesi. Pasteur alionyesha sababu. Alichemsha mchuzi katika chupa yenye shingo ndefu iliyopindwa, hewa ikaingia lakini vumbi likanaswa katika ile shingo. Na mchuzi ule haukuoza. Alipoivunja shingo, vumbi likaanguka ndani, ukaoza.

Lister alifahamu mara moja. Kidonda ni kama mchuzi ule, na ngozi ni kama shingo ile ya chupa. Ngozi ikiwa nzima, vijidudu havipati njia. Ikipasuka, huingia na kuozesha. Pasteur alisema vijidudu huweza kuzuiliwa kwa moto, au kwa kuchujwa, au kwa dawa. Mguu wa mtu hauwezi kuchemshwa wala kuchujwa. Ikabaki dawa.

Basi Lister alikuwa amesikia ya kuwa katika mji wa Carlisle watu walitia asidi ya kaboliki katika maji machafu ya mji. Dawa hii hutolewa katika lami ya makaa ya mawe. Harufu ya maji yale ilikoma, na ng'ombe waliolisha katika mashamba yaliyonyweshwa maji hayo hawakuugua tena kama kwanza. Lister aliipata dawa hiyo, akakusudia kuijaribu kwa wale waliovunjika mifupa na ngozi ikapasuka, kwa maana hao ndio waliokuwa katika hatari kubwa, na tumaini lao lilikuwa dogo.

Jaribio la kwanza, mwaka 1865 mwezi wa Machi, halikufaulu, mgonjwa alikufa. Lister hakuitupa dawa yake. Alitafuta kosa lilikuwa wapi, akangoja mgonjwa mwingine.

Tarehe 12 Agosti, 1865, aliletwa mtoto mwanamume, jina lake James Greenlees, mwenye umri wa miaka 11. Gurudumu la gari lilikuwa limepita juu ya mguu wake wa kushoto, likauvunja muundi, na palikuwa na kidonda wazi. Kwa desturi ya siku zile waganga wengi wangaliufikiria msumeno. Lister alichovya kitambaa laini katika asidi ya kaboliki, akakipaka kidonda chote, akaweka kitambaa kingine chenye dawa ile juu yake, akakifunika kwa bati jembamba ili dawa isikauke upesi. Kisha akaufunga mguu mabanzi, akaungoja.

Siku nne zikapita. Hizo ndizo siku ambazo kidonda huanza kunuka. Siku ya nne Lister alifungua. Hapakuwa na usaha wala harufu ya uozo. Palikuwa na wekundu kidogo tu, kwa kuwa dawa kali ilikuwa imeichoma ngozi. Akaipunguza ukali kwa maji, na baadaye kwa mafuta ya zeituni, akafunga tena. Kidonda kikaendelea kufumba, na chini yake mfupa ukaendelea kuunga kana kwamba ngozi haikupasuka kamwe. Baada ya majuma sita na siku mbili mtoto yule alitoka hospitalini kwa miguu yake miwili.

Mganga mwenye haraka angalitangaza habari hiyo siku ile ile. Lister alingoja. Alijua ya kuwa mgonjwa mmoja aweza kupona kwa bahati. Mwaka 1867 ndipo alipoandika katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet, akaeleza habari za wagonjwa 11 waliovunjika mfupa na kupasuka ngozi. Kati yao 9 walipona wakabaki na viungo vyao, mmoja alikatwa kiungo, na mmoja alikufa. Wale wawili hakuwaficha. Kisha alihesabu waliokatwa viungo katika vyumba vyake. Katika miaka ya 1864 na 1866, kabla dawa haijatumiwa kwa kazi hiyo, walikatwa watu 35, wakafa 16. Katika miaka mitatu, 1867 mpaka 1869, walikatwa 40, wakafa 6.

Hata hivyo wengi hawakumsadiki. Wengine walisema dawa ile si mpya. Wengine walicheka habari za vijidudu wasivyoviona. Wengine walijaribu kwa uvivu: walipaka dawa, kisha wakagusa kidonda kwa mikono michafu, na mgonjwa alipokufa walimlaumu Lister. Yeye hakuwajibu kwa matusi. Aliendelea kufanya kazi na kuwaonyesha wagonjwa wake kwa kila aliyekuja kuona.

Tena hakuridhika na dawa tupu. Aliona ya kuwa dawa yenye nguvu ya kuua vijidudu huweza pia kuumiza nyama, kwa hiyo alitafuta kitu cha kuibeba dawa na kuitoa polepole. Aliichanganya na chaki na mafuta, ikawa kama udongo laini wa kufunika kidonda. Baadaye alitumia kitambaa chembamba kilichotiwa dawa. Akageukia na nyuzi. Wapasuaji walifunga mishipa ya damu kwa nyuzi za hariri zilizoachwa zikining'inia nje ya kidonda, nazo zilikuwa njia ya vijidudu. Lister alichukua uzi wa utumbo wa kondoo, akautia dawa, akafunga mshipa wa ndama na kuufunika kabisa. Baada ya mwezi alikuta uzi umekwisha liwa na mwili, na nyama nzima mahali pake.

Mwaka 1869 alirudi Edinburgh kushika kazi ya mkwewe. Mwaka 1871 aliitwa kumtumbua Malkia Victoria jipu kubwa la kwapani, naye akapona. Katika mwaka ule ule alianza kutumia chombo cha kunyunyiza kaboliki hewani kama moshi, ili kuua vijidudu vya hewani wakati wa kupasua. Moshi ule uliwasha macho na kuchubua mikono ya waganga. Baadaye ilijulikana ya kuwa vijidudu vya hewani si hatari sana kama vile vya mikononi na vya vyombo. Hapo Lister aliuacha, na mwaka 1890, katika mkutano mkubwa wa waganga mjini Berlin, alikiri waziwazi ya kuwa alikosea kuusifu. Wengi humkumbuka kwa ushindi wake. Lakini kukiri huko nako ni sehemu ya ukubwa wake.

Waganga wa Ujerumani walimsadiki mapema kuliko wenzake wa London. Kwa hiyo mwaka 1877 alipoitwa kufundisha katika King's College, London, alikubali, akijua ya kuwa huko wapinzani ni wengi. Tarehe 26 Oktoba mwaka ule alifanya jambo lililowashangaza. Mtu mmoja alikuwa amevunjika kilegesambwa cha goti vipande viwili, lakini ngozi yake ilikuwa nzima. Kwa desturi hakuna aliyethubutu kulifungua goti la namna hiyo, kwa maana kulifungua ni kuvikaribisha vijidudu, na goti likioza, mguu hupotea na pengine uhai pia. Lister alilifungua kwa kuilinda njia yote kwa dawa, akatoboa vipande vile viwili, akavifunga pamoja kwa waya wa fedha. Goti likapona. Tangu siku hiyo watu walianza kufahamu ya kuwa mpasuaji, akivizuia vijidudu, aweza kuufikia mfupa kwa makusudi, na kuacha madini ndani ya mwili ili yaushike.

Heshima zilimjia baadaye. Mwaka 1892, Pasteur alipotimiza miaka 70, Lister alikwenda Paris kumshukuru mbele ya watu, nao wakakumbatiana. Mwaka uliofuata Agnes alikufa safarini Italia, na Lister alihuzunika sana. Kuanzia mwaka 1895 mpaka 1900 alikuwa rais wa Royal Society, chama cha wataalamu wakuu wa Uingereza. Mwaka 1897 alipewa cheo cha Lord. Alikufa tarehe 10 Februari, 1912, huko Walmer, akiwa na umri wa miaka 84. Ibada ya maziko ilifanywa katika kanisa la Westminster Abbey, naye akazikwa Hampstead, kando ya mke wake.

Kaboliki haitiwi tena katika vidonda. Waganga waliokuja baada ya Lister walijifunza kuchemsha vyombo na nguo kwa mvuke, kunawa mikono na kuvaa mifuko ya mikono, ili vijidudu vife kabla havijafika kwa mgonjwa. Kisha zikaja dawa za kuviua ndani ya mwili. Lakini wazo la Lister la kuiweka dawa pale pale penye mfupa halikufa. Leo mfupa uliovunjika hushikwa kwa vyuma na misumari, na vijidudu hupenda kunata juu ya madini na kujifunika utando, hata dawa ya damuni isivifikie. Kwa hiyo wataalamu wametengeneza saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa kama jentamisini, ambayo huitoa kidogo kidogo, na vyuma vilivyopakwa fedha au dawa. Kazi haijaisha, kwa maana vijidudu huzizoea dawa zikitumiwa ovyo.

Tanzania nayo inashiriki kazi hiyo. Katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996, huletwa watu wengi walioumizwa na magari na pikipiki. Huko waganga wamechunguza kama jentamisini ikitiwa ndani ya kidonda cha muundi uliovunjika huzuia uozo. Ni mfupa ule ule wa mtoto James, na hesabu ya uaminifu ni ile ile aliyoifuata Lister: wagonjwa wengine hupewa dawa mpya pale kidondani, wengine hawapewi, kisha hulinganishwa.

Ajali huweza kutokea katika njia za Mapera pia, mbali na mji mkubwa. Mtu akivunjika na mfupa ukaonekana, asipakwe kinyesi cha ng'ombe, wala majivu, wala majani yaliyosagwa. Mfupa usisukumwe ndani. Atakayemsaidia na anawe mikono, afunike kidonda kwa kitambaa safi kabisa, aufunge mguu mabanzi usitikisike, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi, iwe Mbinga, Litembo au Peramiho, kwa kuwa kila saa ipitayo ni nafasi ya vijidudu. Mwili wenyewe ndio uungao mfupa. Kazi ya watu ni kuulinda hata umalize.